Ng'ombe Ishirini na Wanne wa Uporoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa teke na ng'ombe kabla sijaonyeshwa pa kutundika koti. Nilikuwa nimetoka kwetu Kihesa kwa miguu, kaptula mpya ya kaki imepigwa pasi ya mkaa na mama mpaka inasimama yenyewe, nikaripoti ofisi ya mifugo ya Iringa saa moja kamili. Ofisi ilikuwa haina mtu. Watu wote walikuwa nyuma, kwenye kibanio, yaani ule uchochoro wa magogo ambamo ng'ombe huingizwa mmoja mmoja asiweze kugeuka. Nilisogea kwa adabu zote kusalimia, nikasimama mahali ambapo mtu mwenye akili hasimami. Teke lilinipata pajani.

Aliyeninyanyua alikuwa Mbena mmoja wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo ndiye Mzee wa Maabara. Jina lake tulilijua lakini hakuna aliyelitumia.

"Kamwene," akanisalimu, kana kwamba tumekutana njiani tu. "Umeumia?"

"Hapana, mzee."

"Umeumia. Andika basi kwenye daftari: ng'ombe wa saba ana nguvu za kutosha nyuma."

Nikaandika. Ndiyo ikawa kazi yangu ya kwanza ya serikali, katika miaka ya hamsini, kabla hatujapata nchi yetu.

Vijana wanaosoma haya huenda hawajui tulivyokuwa tukipima kifua kikuu cha ng'ombe. Hatukuwa na mashine. Tulinyoa sehemu ndogo ya shingo, tukaikunja ngozi na kuipima unene kwa kalipa, ambayo ni kama koleo lenye namba. Kisha tulipiga sindano ndogo ya dawa iitwayo tubakulini hapo hapo kwenye ngozi. Siku ya tatu tulirudi kupima tena. Kama ngozi imevimba kupita kiasi kilichowekwa, ng'ombe huyo aliitwa "aliyevimba", na sheria ilisema achinjwe. Baada ya kuchinja tulifungua mapafu kutafuta vinundu, ambavyo ndivyo ugonjwa wenyewe.

Daktari wa Mifugo wa Iringa, Mwingereza mnene aliyependa kuimba akiendesha gari, aliiamini sindano ile kama sala. Wakati ule kulikuwa na shamba moja la mlowezi, mbali kidogo na mji, ambako ng'ombe walikuwa wakikohoa na kukonda. Tulipima sitini. Walivimba ishirini na wawili. Walipochinjwa, ishirini walikuwa na vinundu. Daktari akafurahi mno kwa kipimo chake, ingawa si kwa ng'ombe.

"Sindano hii haina ubishi," akasema akinawa mikono.

Alipoondoka, Mzee wa Maabara alinivuta kando. "Na wale wawili waliokuwa safi?"

"Wawili ni wachache, mzee."

"Wachache, lakini wamekufa. Waandike. Katika ng'ombe mia walio wazima, watano hivi watavimba bure. Kupe, uchafu wa sindano, au kifua kikuu cha kuku ambacho ng'ombe hakimdhuru. Hapa wazima walikuwa arobaini, wamevimba wawili. Hesabu inakwenda sawa."

Nikaandika ili kumridhisha. Sikuelewa. Hesabu hizi nazitoa kwenye kumbukumbu yangu na daftari zetu za pale. Msizifanye kanuni ya ng'ombe wa dunia nzima.

Baada ya miaka miwili na miezi kadhaa nilipewa uhamisho wa kwenda Mbeya, makao makuu ya jimbo. Kwa kijana wa Kihesa huo ulikuwa ukubwa. Mama alinifungia kuku wa kukaanga, baba akanipa blanketi la pili, na basi likatupeleka kwa siku mbili kupitia Makambako na Chimala, tukishuka kulisukuma kila palipokuwa na tope. Nilifika nikiwa mwekundu wa vumbi juu na mweusi wa tope chini, na furaha tupu katikati.

Daktari wa Mifugo wa Jimbo alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mskoti, mwembamba, hakuimba. Aliangalia barua yangu, akaangalia viatu vyangu.

"Unaweza kusoma kalipa?"

"Ndiyo, bwana."

"Tutaona."

Kazi aliyonipa ilikuwa Uporoto, kule juu milimani kwenye baridi, kwa wakulima wa Kisafwa. Maziwa yao yalikuwa yaanze kuletwa mjini kwa ajili ya hospitali na shule, na ilitakiwa ng'ombe wote wapimwe kwanza. Nilipanda kwa baiskeli, nikalala kwa wazee wa kanisa, nikapima ng'ombe mia nne kwa wiki tano. Sikuharakisha hata mmoja. Wale ng'ombe walikuwa wanene, manyoya yanang'aa, wanatembea mlimani kama mbuzi. Hakuna aliyekohoa. Lakini walivimba ishirini na wanne.

Mwenye msiba mkubwa kuliko wote alikuwa Mzee Nzowa, mkulima wa viazi na pareto, mzee wa kanisa la Moraviani. Katika ng'ombe wake tisa, watatu walikuwa wamevimba. Mmojawapo aliitwa Pareto, kwa sababu alikuwa mweupe mwili mzima na duara la manjano usoni, kama ua la pareto lenyewe. Pareto ndiye aliyekuwa akiwalea wajukuu wawili mapacha wa mzee huyo, watoto wa mkwe wake aliyefariki wakati wa kujifungua. Mama Rebeka, mke wa Mzee Nzowa, aliwanywesha maziwa ya ng'ombe huyo kwa kijiko tangu siku ya pili ya maisha yao.

Tulianza na sita wa zizi la kwanza, siyo lake. Walichinjwa mbele ya wenyewe na majirani, kama sheria ilivyotaka. Mimi ndiye niliyefungua mapafu. La kwanza lilikuwa safi, la pili safi. La tatu lilikuwa na vinundu, nikamshukuru Mungu, na hapo hapo nikaona aibu kwa kushukuru. La nne safi, la tano safi, la sita safi.

Watu hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga. Mzee Nzowa alisogea, akainamia pafu la mwisho, akaligusa kwa kidole.

"Wewe mtoto wa Wahehe," akasema polepole, "hii pafu ni nyeupe kama ya kondoo ya Pasaka. Nionyeshe ugonjwa iko wapi."

"Sijauona, baba."

"Basi ng'ombe yangu pia unataka kuua kwa kitu ambayo hujaona?"

"Kuna fidia, baba."

"Fidia haikamuliwi."

Nilishuka na mapafu yale kwenye ndoo hadi Mbeya. Daktari wa Jimbo aliyatazama, akayakata mwenyewe, akatupa kisu kwenye beseni.

"Iringa, kati ya ishirini na wawili, walikuwa wagonjwa ishirini. Nimesoma ripoti. Kwako, kati ya sita, mmoja. Dawa ni ile ile, sindano ni ile ile. Kilichobadilika ni nini?"

Nikafungua daftari langu kumwonyesha namba.

"Kilichobadilika ni kwamba Iringa kulikuwa na mtu anakusimamia. Ama umepima vibaya, ama umeandika namba ukiwa umekaa kwenye pombe ya ulanzi. Jumatatu nitaandika Iringa wakuchukue. Wale kumi na nane waliobaki wachinjwe kwa mujibu wa sheria."

Huko kwetu mtu aliyerudishwa kutoka kazini hata mbwa wa nyumbani walimjua. Lakini niseme ukweli wangu: kilichonitesa zaidi hakikuwa hicho. Niliwafikiria wale mapacha. Kama Pareto alikuwa mgonjwa kweli, maziwa yake yangewaua. Kama hakuwa mgonjwa, mimi ndiye ningewaua kwa kuwanyima. Na sindano yangu ilikuwa imenipa jibu moja tu: amevimba.

Jumapili baada ya ibada nilikaa chumbani kwangu kuchambua mahindi na maharage ya kupika makande. Nikiwa nachambua, swali la Daktari likawa linanizunguka: kilichobadilika ni nini? Ghafla maneno ya Mzee wa Maabara yakanijia, watano katika mia. Watano katika mia ya wazima. Si watano katika mia ya waliovimba. Niliacha kuchambua.

Nilitandika mkeka, nikapanga punje mia nne za mahindi, ishirini ishirini. Hao wawe ng'ombe wa Uporoto. Wagonjwa ni wangapi? Kwa kuwa hakuna aliyekohoa, nikasema tuseme wanne tu. Nikatoa punje nne za mahindi, nikaweka maharage manne mahali pake. Sasa nikapiga sindano. Maharage yote manne yalivimba, nikayavuta pembeni. Kisha katika kila mahindi ishirini nikavuta moja, maana watano katika mia ni sawa na mmoja katika ishirini. Nilipomaliza, pembeni kulikuwa na maharage manne na mahindi kama ishirini.

Ishirini na nne. Idadi ile ile iliyokuwa kwenye daftari langu.

Na katika hizo ishirini na nne, maharage yalikuwa moja katika kila sita. Mapafu yangu sita, lenye vinundu moja. Niliyafuta yote, nikahesabu upya, likatoka jibu lile lile. Kisha nikapanga shamba la Iringa: mahindi arobaini, maharage ishirini. Nikapiga sindano kwa kanuni ile ile. Yakavimba maharage ishirini na mahindi mawili.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama niko salama. Sikuwa nimepima vibaya. Hakuna aliyekuwa amepima vibaya. Sindano ilikuwa ile ile na macho yale yale. Kilichobadilika ni ng'ombe waliosimama mbele yake. Mahali penye wagonjwa wengi, aliyevimba karibu hakika ni mgonjwa. Mahali penye wazima watupu, wengi wa waliovimba ni wazima waliovimba bure, kwa sababu wazima ni wengi mno. Sindano ilikuwa ikijibu swali hili: kama ng'ombe ni mgonjwa, je, atavimba? Sisi tulikuwa tukiiuliza lingine: kama amevimba, je, ni mgonjwa? Maswali hayo yanafanana kwa sura tu. Kwetu Kihesa karibu kila Mhehe alikuwa mkulima, lakini ukikutana na mkulima Mbeya huwezi kumwambia wewe ni Mhehe.

Jumatatu niliingia kwa Daktari wa Jimbo na kopo la mahindi na maharage. Alikuwa ameshaweka karatasi mezani ya kuandikia Iringa.

"Hicho ni chakula?"

"Ni ng'ombe, bwana. Naomba dakika kumi."

Nilimpangia mezani kwake, juu ya karatasi zake. Mwanzoni alikunja mikono. Nilipofika kwenye kuvuta punje moja katika ishirini, alinizuia, akazivuta mwenyewe kwa kidole, mstari baada ya mstari. Alipomaliza akahesabu. Akahesabu tena, kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama safari ya basi la kutoka Iringa.

"Nani amekufundisha?"

"Mzee wa Maabara wa Iringa alinipa watano katika mia, bwana. Mengine ni mahindi."

Aliichukua karatasi ya Iringa, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nilikutukana," akasema. "Naomba radhi."

Enzi zile bwana mkubwa kumwambia Mwafrika maneno hayo lilikuwa jambo la kusimulia. Nami nalisimulia.

Lakini hakuwa mtu wa kukubali nusu. Alinionya kwamba kurudia kipimo kile kile hakutoshi: kama ng'ombe amevimba kwa sababu ya kifua kikuu cha kuku, atavimba tena. Akashauri sindano mbili kwenye shingo moja, ya dawa ya ng'ombe na ya dawa ya kuku, tulinganishe uvimbe upi ni mkubwa. Na ilibidi tusubiri siku sitini, ngozi isahau sindano ya kwanza.

Alinituma nipande mlimani kuwaambia watu. Nilifika kwa Mzee Nzowa nikamkuta anapalilia viazi na jembe hakuliweka chini. Ilinibidi nipange ng'ombe wangu wa mahindi juu ya ungo wa Mama Rebeka, pale jikoni, mapacha wakitambaa na kutaka kuwala.

"Kwa hiyo," akasema Mama Rebeka kabla mumewe hajasema neno, "kuvimba ni mtu kupiga hodi. Lakini bado hatujui ni nani."

"Ndivyo, mama. Na mpaka tumjue, maziwa chemsha. Yafure mara tatu, kila siku, ndipo wanywe."

"Nitachemsha."

"Na ikitoka kwamba Pareto ni mgonjwa?" Mzee Nzowa akauliza.

"Nitakuja mwenyewe kukuambia, baba. Sitatuma mtu."

Aliweka jembe chini. "Hiyo nimekubali."

Siku sitini zikapita. Daktari wa Jimbo alipanda nami, akipiga sindano yeye, mimi nikisoma kalipa. Siku ya tatu tulirudi. Kati ya wale kumi na nane, watatu tu walikuwa wamevimba zaidi upande wa dawa ya ng'ombe. Kwa Mzee Nzowa tulimsoma Pareto mwisho, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kumsoma mapema. Nilipima upande wa ng'ombe mara mbili. Ngozi ilikuwa laini, kama hatujawahi kumgusa. Uvimbe ulikuwa upande wa kuku.

"Ni mzima," nikasema.

Mama Rebeka alimshika Pareto pembe, akaweka paji la uso wake juu ya duara lile la manjano, akakaa hivyo.

Mmoja wa ng'ombe wengine wa Mzee Nzowa, yule mweusi, alikuwa kati ya watatu wagonjwa. Alimleta mwenyewe machinjioni. Nilipofungua pafu, vinundu vilikuwa vimejaa kama mtama. Mzee aliinama, akavigusa kwa kidole.

"Hii sasa naiona," akasema. "Hii hata mimi ningeua."

Wote watatu walikuwa wagonjwa. Ukiongeza yule wa mwanzo wanakuwa wanne. Nilijitahidi nisimtazame Daktari, lakini yeye alinionyesha vidole vinne kutoka ng'ambo ya kibanio, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumamosi iliyofuata tulialikwa kwa Mzee Nzowa. Palikuwa na viazi vya kuchemsha, maziwa mgando na mbuzi mzima, na kwaya ya kanisa iliimba mpaka Mskoti wangu akapiga makofi nje ya mdundo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba naye alikuwa mgonjwa wa mafumbo kama mimi. Alituuliza: "Ng'ombe amezaa mara mbili. Najua angalau ndama mmoja ni jike. Je, wote wawili kuwa majike, ni nusu kwa nusu?"

"Nusu," akasema Mzee Nzowa. "Yule mwingine ni dume au jike."

Mama Rebeka alifikiri huku akipakua. "Dume na dume hapana, umeshasema yuko jike. Yanabaki dume halafu jike, jike halafu dume, jike na jike. Tatu. Basi ni moja katika tatu."

"Na kama ningesema wa kwanza ndiye jike?"

"Hapo nusu. Maana umeniambia jambo lingine."

Mzee Nzowa alibisha mpaka mbuzi akaisha. Daktari alibisha naye kwa raha zake, akifurahi kukuta mtu wa kubishana naye. Mwezi uliofuata alinifanya nifungue daftari zote za ndama za wilaya tuhesabu, na Mama Rebeka alikuwa amepata sawa. Nilitumwa kupanda mlima kumpa habari. Mumewe alisema daftari ndizo zilizokosea.

Baadaye nilirudishwa Iringa, safari hii kwa kupandishwa cheo, nikarithi meza ya Mzee wa Maabara alipostaafu. Uhuru ukaja, madaktari wa kwetu wakaja, dawa zikabadilika. Nimepima Usangu kwenye joto na Mufindi kwenye ukungu. Kila kijana aliyeletwa chini yangu nilimpa kwanza mahindi na maharage, kalipa baadaye, na wengine walinicheka. Wale mapacha wa Uporoto walikua. Mmoja ni mwalimu, na mwingine ana watoto wengi kuliko anavyoweza kuwakumbuka majina.

Sasa nimestaafu siku nyingi. Niko Kihesa, nina ng'ombe wawili wa maziwa na goti bovu. Watu hudhani kazi ya kupima ni kupata jibu. Mimi nilichopenda maisha yangu yote ni kile kinachofuata, pale jibu linapokuwa mkononi na inabidi ujue umesimama wapi na kati ya nani ndipo uelewe limesema nini. Nimeona watu wenye elimu kubwa wakiingiwa na hofu kwa sababu ya jibu moja, na nimeona jibu kama hilo likipuuzwa mahali ambapo lilipaswa kutisha.

Majuzi alikuja binti mmoja, daktari wa mifugo, mgeni mjini, kupima ng'ombe wa mtaa wetu. Hakunijua, nami sikujitambulisha. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia akinyoa shingo, akikunja ngozi, akisoma. Siku ya tatu alirudi, akapima, akarudia. Nikaona uso wake umebadilika. Ng'ombe wangu mkubwa alikuwa amevimba.

Alivua glovu, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Babu," akasema, "huyu amevimba. Lakini kabla sijasema ni mgonjwa, naomba nikuulize. Ulimtoa wapi? Unafuga kuku? Na ng'ombe wa majirani zako, kuna yeyote anayekohoa?"

Nilikuwa na majibu yote tayari. Nilimpa moja moja, bila haraka, ili niendelee kumsikia akiuliza.